Zijue ruzuku za insia Marekani: zilivyopigwa panga 2025 na nani kaumia



Kuna mdau aliuliza hapa kwenye maoni: "Hivi Marekani na utajiri wote ule, inakuwaje maktaba ya kijijini kwao inakosa dola elfu mbili za kuwaita wazee wasimulie historia?" Swali zuri sana. Jibu fupi ni hili: hela haikukosekana. Bunge lilishaipitisha, mikataba ilishasainiwa, halafu ikasimamishwa usiku mmoja kwa barua pepe.

Jibu refu ndiyo makala hii. Nimeipanga kwa vichwa vidogo. Kama umelipia nusu saa ya kafe, chagua unachotaka. Kama umelipia saa nzima, twende wote mpaka mwisho.

INSIA NI KITU GANI?

Waliopita pale Mlimani au Dodoma neno hili wanalijua. Insia ni masomo yanayomhusu binadamu na maisha yake: historia, lugha, fasihi, falsafa, dini, mila na desturi. Fizikia itakwambia daraja linasimamaje. Insia itauliza nani alilijenga, kwa nini pale, na wazee wa ng'ambo ya pili wanalisimuliaje.

Kwa hiyo tukisema "asasi za insia za mitaani" tunazungumzia makumbusho madogo ya wilaya, jumuiya za historia, maktaba, vikundi vya kusoma vitabu, matamasha ya vitabu, na watu wanaozunguka na kinasa sauti kurekodi wazee. Wengi wao ni wafanyakazi wawili watatu na watu wa kujitolea. Si watu wa kwenye televisheni.

NEH NI NANI?

Tarehe 29 Septemba 1965, Rais Lyndon Johnson alisaini sheria iliyoanzisha mifuko miwili ya serikali kuu. Mmoja wa sanaa, unaitwa National Endowment for the Arts. Mwingine wa insia, unaitwa National Endowment for the Humanities, kwa kifupi NEH. Huu wa pili ndio habari yetu ya leo.

NEH haina makumbusho yake wala chuo chake. Kazi yake ni kutoa ruzuku. Mwombaji anaandika mradi, wataalamu wa nje wanausoma na kuupa alama, waliofaulu wanapewa hela. Ile filamu ndefu ya Ken Burns kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, iliyoonyeshwa mwaka 1990, ilipata hela za NEH. Mradi wa kuyaweka magazeti ya zamani kwenye intaneti, ambao NEH inaufanya pamoja na Maktaba ya Bunge la Marekani, umeshapitisha kurasa milioni 20. Yaani wewe hapo ulipo kafe unaweza kufungua gazeti la mji mdogo wa Marekani la miaka ya 1890 ukalisoma bure.

Bajeti yake ni kubwa kiasi gani? Mwaka wa fedha 2024 ilikuwa dola milioni 207. Kwa masikio yetu ni kitita. Lakini tufanye hesabu. Marekani ina watu kama milioni 340. Gawanya, unapata kama senti 61 kwa kila mtu kwa mwaka mzima. Kwa hela ya kwetu ni kama shilingi elfu moja na mia tano, yaani chai na chapati mbili. Na serikali hiyo hiyo mwaka 2024 ilitumia zaidi ya dola trilioni 6. Kwa hiyo ukiambiwa panga hili lilikuwa la kuokoa bajeti ya taifa, rudi kwenye hesabu hii kwanza.

MABARAZA 56

Hapa ndipo penye kiini cha habari, tulia hapa.

NEH iko Washington. Mtu aliyeko kijijini Wyoming hawezi kusafiri kwenda Washington kuomba dola mia nane za kumlipa mtoa mada. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1971 yakaanza mabaraza ya insia ya majimbo. Oregon, Wyoming na Oklahoma ni miongoni mwa yaliyotangulia. Leo yapo 56: majimbo 50, mji mkuu Washington, pamoja na Puerto Rico, Visiwa vya Virgin, Guam, Samoa ya Marekani na Visiwa vya Mariana ya Kaskazini.

Watu wengi wanadhani mabaraza haya ni idara za serikali. Hapana. Mengi ni asasi zisizo za kiserikali, zina bodi zake na wafanyakazi wake, ila sheria inaiagiza NEH iyapatie sehemu ya bajeti yake kila mwaka. Kabla ya mkato, sehemu hiyo ilikuwa kama dola milioni 65. Ukigawa kwa 56 unapata wastani wa dola milioni moja na kidogo kwa kila baraza, ingawa haigawanywi sawasawa. Jimbo lenye watu wengi linapata zaidi.

HELA INATEMBEAJE?

Fuata mnyororo huu:

1. Bunge linapitisha bajeti.
2. NEH inalipa baraza fungu lake.
3. Baraza linalipa wafanyakazi wake, linaendesha programu zake, na linatoa viruzuku vidogo kwa maktaba, makumbusho na vikundi vya wilayani.
4. Kikundi cha wilayani kinatafuta nacho hela au nguvu kazi ya mtaani kuongezea.

Hiyo namba nne ni muhimu. Baraza linatakiwa kuonyesha kwamba hela ya serikali imepata mwenzake kutoka kwingine: michango, ukumbi wa bure, saa za watu wa kujitolea. Ni kama mchango wa harusi. Mjomba akishaweka laki tano mezani, wengine nao wanaona aibu kukaa kimya. Mjomba akijitoa, usishangae wengine nao wakaanza kuangalia saa.

Ndiyo maana mkato wa dola moja kule juu hauishii kwenye dola moja huku chini. Ile ya pili iliyokuwa inaifuata nayo inapotea.

WANAFANYA NINI HASA?

Nimechagua mifano michache inayoeleweka haraka:

- Louisiana, tangu mwaka 1991, ina programu ya kusoma ya familia iitwayo Prime Time. Wazazi na watoto wanakutana jioni, wanasomewa hadithi, halafu wanaijadili pamoja. Imesambaa majimbo mengine.

- Maine, tangu mwaka 1997, ina vikundi vya kusoma fasihi hospitalini. Madaktari na wauguzi wanasoma hadithi na mashairi, wanazungumza kuhusu ugonjwa, kifo na namna ya kumsikiliza mgonjwa.

- Georgia ilizindua mwaka 2004 ensaiklopidia ya jimbo iliyotengenezwa moja kwa moja kwa ajili ya intaneti. Mwanafunzi anaifungua bure.

- Museum on Main Street ni maonyesho yanayosafiri ya taasisi ya Smithsonian, yalianza mwaka 1994. Mabaraza ya majimbo ndiyo yanayoyafikisha kwenye miji midogo ambayo haijawahi kuota kupata maonyesho ya Smithsonian.

- National History Day ni mashindano ya historia ya wanafunzi wa sekondari na wadogo zao. Yalianza Cleveland mwaka 1974, na siku hizi zaidi ya wanafunzi nusu milioni wanashiriki kila mwaka. Baadhi ya mabaraza yanasaidia kuyaendesha majimboni.

Umeona? Hakuna hapo kitu cha anasa. Ni watu kukaa pamoja na kitabu, picha ya zamani au mzee anayekumbuka.

USIKU WA APRILI 2, 2025

Machi 2025 mwenyekiti wa NEH, Shelly Lowe, aliondoka kwa maelekezo ya Rais Trump. Lowe alikuwa mtu wa kwanza kutoka kwa wenyeji asilia wa Marekani kushika kiti hicho. Akakaimu Michael McDonald. Na watu wa kile kitengo cha kupunguza matumizi kilichojulikana kama DOGE wakaingia ofisini.

Usiku wa Aprili 2 barua pepe zikaanza kumiminika kwa waliopewa ruzuku. Hazikutoka kwenye anwani ya kawaida ya NEH. Ujumbe wake kwa ufupi: ruzuku yako imefutwa, kuanzia sasa hivi, kwa sababu fedha zinaelekezwa kwenye vipaumbele vipya vya Rais. Siku chache baadaye hesabu ikaonyesha ruzuku zaidi ya 1,400 zimefutwa. Mabaraza yote 56 yalikuwemo.

Angalia jambo hili. Si kwamba waliambiwa "mwaka ujao hatutawapa." Waliambiwa katikati ya mwaka, katikati ya mkataba. Baraza lilikuwa limeshaajiri. Maktaba ilikuwa imeshabandika matangazo. Mtoa mada alikuwa ameshakata tiketi. Mtu akipunguziwa posho kuanzia Januari ijayo anajipanga. Mtu akizimiwa hela leo saa nne usiku, kesho asubuhi anaanza kupiga simu za kuomba radhi.

Wafanyakazi wa NEH wenyewe hawakupona. Kufikia Juni 2025 kama theluthi mbili yao vibarua vilikuwa vimeota nyasi.

HELA IKAENDA WAPI?

Hapa wadau wengi watashangaa. Aprili hiyo hiyo NEH ilitangaza kwamba sehemu ya fedha itakwenda kwenye Bustani ya Taifa ya Mashujaa wa Marekani. Ni wazo ambalo Trump alilitangaza Julai 2020: sanamu za watu 250 mashuhuri, ziwe sehemu ya sherehe za miaka 250 ya uhuru wa nchi hiyo, mwaka 2026. NEH na mwenzake wa sanaa waliahidi jumla ya dola milioni 34. Wachongaji wakaalikwa kuomba hadi dola 200,000 kwa sanamu moja.

Ikariri hiyo namba, 200,000. Tutakutana nayo tena huko mbele.

Sina ugomvi na sanamu. Hata sisi tuna Askari pale Samora na watu wanapiga picha naye kila siku. Lakini sanamu inamkumbuka mtu ambaye tayari anajulikana. Kazi ya mabaraza ilikuwa kuwakumbuka wale ambao hakuna atakayewachongea.

NANI KAUMIA ZAIDI?

Kuna mtu atasema: Marekani ina matajiri, wataziba pengo. Ni kweli, lakini matajiri wanaishi wapi? New York, California, Boston. Makumbusho makubwa ya mjini yana wafadhili wenye majina ukutani. Makumbusho ya wilaya huko South Dakota au kikundi cha Guam hakina. Kwa mabaraza ya majimbo madogo na visiwa, hela ya NEH ndiyo ilikuwa nguzo ya nyumba, si pambo la dirishani. Kwa hiyo panga lile lile moja lilikata ukucha kwa mmoja na mguu kwa mwingine.

Nitoe mfano mmoja unaouma.

Kwa miaka 150, kuanzia 1819 hadi 1969, serikali ya Marekani iliendesha au kugharamia shule za bweni ambako watoto wa wenyeji asilia walipelekwa mbali na wazazi wao, wakanyolewa nywele na kukatazwa lugha zao. Ripoti ya serikali yenyewe ya Julai 2024 ilithibitisha vifo vya watoto wasiopungua 973 katika shule hizo. Oktoba 2024 Rais Biden aliomba radhi rasmi.

Sasa kuna muungano unaoshughulikia kumbukumbu za shule hizo, National Native American Boarding School Healing Coalition. Ulikuwa unaingiza kwenye kompyuta nyaraka za shule ili familia zitafute majina ya babu na bibi zao. Aprili 2025 ukapoteza zaidi ya dola 282,000 za NEH, na kazi ya kuingiza zaidi ya kurasa 100,000 ikasimama.

Fikiria. Miezi sita baada ya serikali kuomba radhi, serikali hiyo hiyo inafuta hela ya kutafuta majina. Na waliosoma shule hizo ambao bado wako hai ni wazee. Karatasi inaweza kusubiri kwenye boksi. Mzee hasubiri.

Wanafunzi nao waliguswa. National History Day ilipoteza zaidi ya dola 330,000, tena miezi miwili tu kabla ya fainali zake za Juni.

MAKTABA ZILIPIGWA MARA MBILI

Maktaba nyingi Marekani zinategemea pia taasisi nyingine, Institute of Museum and Library Services, iliyoanzishwa mwaka 1996. Machi 14, 2025 Trump alisaini amri ya kuipunguza taasisi hiyo mpaka kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria. Mwisho wa mwezi wafanyakazi wake wakapewa likizo ya lazima.

Athari zilionekana haraka. South Dakota ilisimamisha huduma ya maktaba kuazimana vitabu. Mississippi ilifunga huduma moja ya vitabu vya kielektroniki. Maktaba ya jimbo la Maine ilifunga milango kwa muda na kupunguza watu.

Kwa hiyo maktaba ya mji mdogo ikawa imepoteza hela ya vitabu mwezi Machi, na hela ya mikutano ya wasomaji mwezi Aprili.

Upande huu mwisho ulikuwa na nafuu: Novemba 2025 jaji wa Rhode Island aliamua kwamba hatua dhidi ya taasisi hiyo zilivunja sheria, na Desemba ikatangaza kurudisha ruzuku zilizofutwa.

SI MARA YA KWANZA

Vijana tusidhani haya yalianza jana.

- 1981: Rais Reagan alipoingia alipendekeza NEH ikatwe karibu nusu. Bunge halikukubali yote.

- 1995 na 1996: Bunge lenyewe, likiwa mikononi mwa chama cha Republican, lilishusha bajeti ya NEH kutoka dola milioni 172 hadi milioni 110. Hilo ni panga la asilimia 36.

- 2017: Trump katika kipindi chake cha kwanza alipendekeza kuifuta kabisa. Bunge likakataa na kuendelea kuipa hela.

Tofauti ya 2025 ni njia. Huko nyuma mjadala ulikuwa bungeni, unapigiwa kura, kila mtu anajua mwaka ujao kutakuwa na kiasi gani. Safari hii hela ambayo Bunge lilishaipitisha ilizuiwa na upande wa utawala. Ndiyo maana suala likaenda mahakamani.

WANAOUNGA MKONO WANASEMAJE?

Tusiwe wa upande mmoja. Waliounga mkono mkato wana hoja zao, na zinasikilizika.

Mosi, wanasema deni la taifa la Marekani limepita dola trilioni 36, kwa hiyo kila senti ihesabiwe.

Pili, wanasema utamaduni si kazi ya serikali. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Asasi inayopendwa na watu wake itachangiwa na watu wake.

Tatu, wanasema mingi ya miradi iliyofadhiliwa ilikuwa na mrengo wa siasa za kushoto, hasa mambo ya rangi na jinsia, na mlipa kodi asiyekubaliana nayo asilazimishwe kuyalipia.

Hoja ya kwanza tumeshaifanyia hesabu ya chai na chapati. Ya pili ina ukweli ndani yake: asasi yenye mfadhili mmoja iko kwenye hatari siku zote, na mabaraza yenyewe sasa yanalijua hilo. Lakini kumbuka hela hii ilikuwa inavuta michango ya mtaani. Ilikuwa chambo. Ukiondoa chambo usiseme samaki ndio wavivu.

Ya tatu ni mjadala halali. Ila panga halikuchagua. Lilifuta fungu la kila baraza, la majimbo yanayompigia kura Trump na yasiyompigia. Mississippi na Louisiana hazikuachwa.

MELLON, MAHAKAMA NA BUNGE

Baada ya kipigo, mambo matatu yalitokea.

Kwanza, Aprili 29, 2025 mfuko binafsi wa Mellon ulitangaza dola milioni 15 za dharura. Kila baraza likapata dola 200,000 papo hapo, pamoja na nafasi ya kupata hadi 50,000 nyingine kama nalo litachangisha kiasi hicho. Namba uliyoikariri ndiyo hiyo. Msaada wa kuliokoa baraza zima la jimbo ulikuwa sawa na bei ya juu ya sanamu moja. Na milioni 15 zikilinganishwa na zile 65 zilizokuwa zikienda kwenye mabaraza, hazifiki hata robo. Kwa baadhi zilikuwa za kulipa mishahara miezi michache wakipanga nani abaki na nani aondoke.

Pili, mahakama. Mei 2025 Shirikisho la Mabaraza ya Insia ya Majimbo pamoja na baraza la Oregon walifungua kesi mjini Portland. Jumuiya za wasomi na chama cha waandishi nao wakafungua zao New York. Agosti 2025 Jaji Michael Simon wa Portland akatoa zuio la muda, akiona kwamba mabaraza yana nafasi nzuri ya kushinda, kwa sababu mamlaka ya kupanga fedha za umma ni ya Bunge. Ushindi mkubwa. Lakini hesabu miezi: Aprili, Mei, Juni, Julai, Agosti. Na zuio la muda si hundi. Mfanyakazi aliyeondoka Mei alishapata kazi kwingine, na tamasha la Juni lilishapita bila kufanyika.

Tatu, Bunge. Mei 2025 Ikulu ilipendekeza NEH ifutwe kabisa kwenye bajeti ya mwaka wa fedha 2026. Januari 2026 Bunge likapitisha bajeti ikiwa na dola milioni 207 kwa NEH, kiasi kile kile cha zamani. Kwenye karatasi, ni kana kwamba hakuna kilichotokea.

Lakini karatasi haikurudisha wafanyakazi, na ofisi ya NEH ilishabaki na theluthi moja ya watu wake. Na zaidi ya hapo, imani imepotea. Maktaba iliyowahi kufutiwa ruzuku katikati ya mwaka itafikiri mara mbili kuomba tena. Mkurugenzi ataogopa kuajiri. Kikundi kitachagua mradi mfupi wa miezi mitatu badala ya kurekodi wazee kwa miaka mitatu.

KISWAHILI KINAHUSIKAJE?

Kinahusika, tena moja kwa moja. Kuna fungu jingine la serikali ya Marekani, mbali na NEH, linaloitwa Title VI. Lilitokana na sheria ya mwaka 1958, mwaka mmoja baada ya Warusi kurusha Sputnik, Wamarekani walipogundua kwamba hawajui lugha za dunia. Fungu hilo ndilo limekuwa likisaidia vituo vya masomo ya Afrika vyuoni na kutoa ufadhili kwa wanafunzi wanaojifunza lugha kama Kiswahili, ambacho ndiyo lugha ya Kiafrika inayofundishwa zaidi kule.

Septemba 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilikataa kuendeleza ruzuku za vituo hivyo na ufadhili huo. Kwa mtu wa Arusha au Zanzibar anayefundisha Kiswahili kwa wageni, hiyo si habari ya mbali. Kule anakotoka mwanafunzi, ndiko hela yake ya kusomea ilikokatika. Na walimu wa Kiswahili walioko vyuo vya Marekani, wengi wao ndugu zetu, wanafanya kazi kwenye vituo vilivyopigwa.

KWA KIFUPI, LA KUONDOKA NALO

Kama muda wako unaisha, chukua haya manne:

1. Ruzuku za insia Marekani ni hela kiduchu kwenye bajeti ya taifa, ila ni kubwa kwa asasi ndogo.

2. Mkato wa ghafla unaumiza kuliko mkato mkubwa uliotangazwa mapema. Ukisoma habari za bajeti popote, usiulize "wamekata kiasi gani" tu. Uliza pia "wamekata lini."

3. Anayeumia zaidi ni yule wa pembezoni asiye na tajiri jirani.

4. Hela inaweza kurudi. Kilichokuwa kinanunuliwa na hela hiyo mara nyingi hakirudi, hasa kama kilikuwa kumbukumbu ya mtu mwenye miaka tisini.

Hiyo ya nne haihitaji NEH wala Bunge kuifanyia kazi. Simu yako ina kinasa sauti. Kama nyumbani kuna bibi au babu anayekumbuka shule yake, soko la zamani, au jina la mto kabla haujaitwa linaloitwa sasa, mrekodi, andika jina lake na tarehe, halafu tunza nakala sehemu mbili. Hiyo ni insia, na haina mtu wa kuifuta kwa barua pepe.

Mwenye swali, nyongeza au anayepinga, uwanja wa maoni uko hapo chini. Matusi nafuta, hoja naacha. Na kama kuna mdau anayefundisha au kusoma Kiswahili huko Marekani, tuambie hali ikoje chuoni kwenu.

Nawakilisha.